Kura Iliyovaa Viatu

Nyima Sonko alifika kijiji cha Wulinkoto majuma machache baada ya uchaguzi wa rais, akiwa na mapipa matatu nyuma ya gari. Watu walipoyaona walianza kucheka.

"Kura tumekwisha piga," mzee mmoja alimwambia. "Au ninyi wa Niumi ndiyo kwanza mnaamka?"

Watu wa Jarra, ambako Wulinkoto ipo, na watu wa Niumi ni watani tangu enzi za mababu, na babake Nyima alikuwa mzaliwa wa Barra, Niumi kabisa. Alijua kwamba asiyejibu utani huonekana ana kiburi. "Tungeamka mapema, baba," alisema, "lakini wali wenu tuliokula mwaka jana bado umetulalia tumboni." Wakacheka tena, wakapokea kokwa za kola alizoleta kama zawadi ya mgeni, na alkalo, mkuu wa kijiji, Dembo Jaiteh, akampa chumba uani kwake. Kawsu, dereva wake, akapata pa kulala upande wa vijana.

Nchi ile hupiga kura kwa gololi. Mpiga kura hupewa gololi moja, akapita nyuma ya pazia, na huko hukuta mapipa yamepangwa, kila mgombea na pipa lake, rangi yake na picha yake. Huitumbukiza gololi kwenye mdomo wa pipa la mtu wake, kengele iliyo ndani ikalia mara moja, na msimamizi aliye upande wa pili akajua kwamba kura imepigwa, tena moja tu. Ndiyo maana siku ya uchaguzi baiskeli, zenye kengele zao, hazikaribii kituo. Kwa miaka mingi wakubwa walikuwa wakibishana kama gololi zibaki au waingie kwenye karatasi kama mataifa mengine, na Nyima, mtafiti wa kituo kidogo cha Serekunda, alikuwa ametumwa vijijini kuwauliza wanaopiga kura wenyewe. Daktari Ousman Njie, mkuu wake, alikuwa amemwambia neno moja tu alipoondoka: "Usiende kufundisha. Nenda kasikilize."

Siku za mwanzo alisikiliza sifa. Gololi haihitaji kusoma. Gololi haichaniki. Mzee asiyeona alimweleza jinsi anavyopapasa mapipa na kuhesabu kwa vidole mpaka afike kwenye pipa la mtu wake, bila kushikwa mkono na mtu, na akamwomba aiandike hiyo vizuri. Nyima aliiandika. Lakini kuna kitu kilimsumbua. Kila alipouliza kama kura ni siri, watu walisema ndiyo haraka mno, halafu wakamuuliza kama amekula.

Sirreh Kinteh alikuwa wa kwanza kutosema ndiyo. Alikuwa mjane wa makamo, kiongozi wa bustani ya wanawake, aliyeolewa pale akitokea karibu na mji wa Soma. Kijiji kizima kilimjua kwa ulimi wake. Akisema jambo asubuhi, jioni watoto wanalirudia kisimani. Nyima alimkuta akivuta maji kwa kamba, wakati hatua chache kutoka hapo palikuwa na bomba la pampu ya jua, limefungwa kwa mnyororo na kufuli.

"Limeharibika?" Nyima aliuliza.

"Mnyororo mzima, kufuli nzima, bomba zima," Sirreh alisema. "Kilichoharibika hakionekani. Nishikie hii ndoo, mtani, usije ukaharibika na wewe kwa kusimama."

Walimwagilia nyanya chungu na bamia mpaka mgongo wa Nyima ukauma. Ndipo Sirreh alipokaa kwenye ukingo wa kisima, akatazama kinasa sauti kilichowekwa juu ya jani.

"Hicho kidude kikisikia, nani mwingine anasikia?"

"Mimi peke yangu, mama. Jina lako halitaandikwa. Kijiji hakitatajwa. Hiyo ni ahadi."

"Ahadi ya mtu wa Niumi," Sirreh alisema, lakini hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga yake. "Haya. Darasani pale shuleni, tunakopigia kura, mapipa hupangwa ukutani, moja baada ya jingine, kuanzia kwenye pazia. Mwenye pipa la kwanza akiingia tu, kengele inalia. Mwenye pipa la mwisho lazima atembee. Sasa wewe ukae nje, nyuma ya ukuta, umetulia na tasbihi yako kama mcha Mungu. Umemwona Sirreh kaingia. Unasikia hatua, hatua, hatua. Halafu kengele. Hujajua Sirreh kampa nani?"

Nyima alisogeza kinasa sauti karibu naye.

"Kura yetu sisi imevaa viatu," Sirreh alisema. "Ikitembea inasikika inakokwenda. Safari hii tukavua ndala, tukaingia miguu mitupu. Haikusaidia. Kungoja kwenyewe kunasikika."

"Nani hukaa nyuma ya ukuta?"

"Nfamara. Mpwa wa alkalo. Na baada ya uchaguzi, alkalo huwafungulia wengine bomba; mimi na wenzangu tuliotembea mbali ndio tunaovuta kamba."

Nyima hakutaka kuamini kwa maneno peke yake. Kesho yake alipata ruhusa ya mwalimu, akayapanga mapipa yake matatu darasani kama yanavyopangwa siku ya uchaguzi, akawaalika watu wapige kura ya mchezo: pipa moja la mchuzi wa domoda, moja la wali wa benachin, moja la uji wa karanga. Watu walijaa. Kila mtu alitaka chakula chake kishinde, na wazee wakazozana kuhusu domoda mpaka mwalimu akawatuliza. Kawsu aliwekwa nje, nyuma ya ukuta, aandike anachodhani kila mtu amechagua.

Jioni walilinganisha. Kawsu alikuwa amekosea mara chache tu, na mara nyingi alipokosea ni kwa wazee wanaotembea polepole.

"Mimi nimeanza leo," Kawsu alisema, uso umemsawijika. "Mtu aliyefanya hivi miaka yote, dada, huyo hakosei."

Nyima aliporudi Serekunda aliandika ripoti kwa moyo wote. Haikusema gololi zitupwe. Ilisema mapipa yapangwe kwa nusu duara yawe na umbali sawa kutoka kwenye pazia, sakafu itandikwe mikeka, mpiga kura asubiri kidogo kabla ya kutumbukiza, na mtu yeyote asikae karibu na kuta za kituo. Dawa rahisi, isiyo na gharama kubwa. Aliificha Wulinkoto, akaandika tu "kijiji kimoja cha Jarra". Aliyemweleza akamwita "mwanamke, mkulima". Na juu ya sura ya siri ya kura, kwa herufi nene, akaweka maneno ya Sirreh, kwa sababu yalikuwa yamempendeza tangu siku aliyoyasikia na hakuona mwenyewe angesema vizuri zaidi: kura yetu imevaa viatu, ikitembea inasikika inakokwenda.

Daktari Njie aliisoma akiwa amesimama. "Hii itasomwa," alisema, na Nyima alitembea siku nzima kama aliyevaa nguo mpya.

Ilisomwa kweli. Tume ya uchaguzi iliwaita wakaieleza. Magazeti yakaandika. Halafu redio moja ya jamii, inayosikika Jarra yote, ikaitafsiri kwa Kimandinka katika kipindi cha mchana, saa ambayo watu wamekaa vivulini wakizungushiana chai. Maneno ya Sirreh yalikwenda Kiingereza yakarudi Kimandinka bila kupungua hata unyasi. Mtangazaji aliyapenda kama Nyima alivyoyapenda. Aliyarudia mara mbili.

Nyima hakupigiwa simu na mtu. Habari zililetwa na Kawsu, aliyezipata kwa rafiki yake sokoni Soma. Alisimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi.

"Dada, pale Wulinkoto redio haikumaliza kusema, watu walikuwa wameshageuka kumtazama Sirreh."

"Sikutaja jina."

"Ulitaja ulimi wake. Pale nani mwingine anasema vile?"

Nyima alifunga mlango baada ya Kawsu kuondoka, akakaa mbele ya ripoti. Alikuwa ameficha kila kitu isipokuwa kile kilichotambulika zaidi, na hakukiweka kwa haja ya utafiti. Takwimu za Kawsu zilitosha. Alikiweka kwa sababu kilikuwa kizuri, na kilipendezesha karatasi yenye jina lake.

Alikwenda Wulinkoto kesho yake, bila mapipa. Hakuna aliyemtania. Hilo lilimwingia kuliko kama wangemtukana, kwa maana mtani asiyekutania amekutoa kwenye ukoo. Alitaka kuonana na Sirreh kwanza, lakini kabla hajavuka uwanja aliitwa bantaba, kwenye jukwaa la mbao lililoezekwa bati ambapo wanaume hukaa kuamua mambo ya kijiji. Alkalo Dembo alikuwa hapo na wazee, na Nfamara pembeni yao, kijana mnene mwenye sauti ya upole. Wanawake walisimama nje ya jukwaa. Sirreh alikuwa miongoni mwao, mikono kifuani.

"Tulikupokea," alkalo alisema. "Umelala kwangu. Umekula kwangu. Kisha umekwenda kusema redioni kwamba mimi ni mwizi wa siri za watu."

"Sikukutaja, baba. Sikukitaja kijiji."

"Kila mtu Jarra anatuuliza. Basi nami nakuuliza jambo moja tu, mbele ya watu hawa. Aliyekuambia ni Sirreh Kinteh?"

Nyima alikuwa amejiandaa kwa swali lile njia nzima. Akisema siye, anasema uongo, tena uongo utakaohamisha shuku na kuwamwagia wanawake wengine. Akisema ndiye, amevunja hata kile kidogo kilichobaki cha ahadi.

"Siwezi kusema, baba. Hata ungenitajia mtu ambaye sijawahi kumwona, ningekujibu hivi hivi. Niliahidi."

"Anayekataa kujibu amekwisha jibu," mzee mmoja alisema.

"Hapana," Nyima alisema. "Nimekosa mimi. Niliandika maneno ambayo sikupaswa kuyaandika. Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi niliyeyapeleka. Lakini niliyoandika kuhusu ukuta wa shule ni kweli, tuliyajaribu, na mwalimu aliona."

Nfamara aliinamisha kichwa kama anayemhurumia. "Dada yetu amesoma sana," alisema. "Mimi nakaa pale kwa sababu ya kivuli. Kivuli nacho kimekuwa kosa?"

Baadhi ya wanaume walicheka. Wanawake walitazama chini. Nyima aliwatazama mmoja mmoja, wale aliovuta nao kamba kisimani, akitumaini hata mmoja angeinua macho.

Sirreh alisogea mbele mpaka ukingo wa jukwaa.

"Mnamuuliza mgeni wa nini, nami nipo hapa?" alisema. "Ni mimi. Nilimwambia, na mdomo ni wangu. Nfamara, mwanangu, kivuli cha shule asubuhi kiko upande wa barabara. Wewe hukaa upande wenye jua. Miaka yote nakuonea huruma jinsi unavyoungua."

Hakuna aliyecheka. Alkalo alitazama mbali kidogo, na kwa muda mfupi Nyima alidhani ameona aibu usoni mwake. Kisha akatoa uamuzi kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga zamu za kuchunga ng'ombe. Bustani imo kwenye ardhi ya kijiji, na mwenye kukichafua kijiji hawezi kuiongoza. Wanawake wachague kiongozi mwingine. Shamba la Sirreh la karibu na kisima apewe mwingine.

Ilipita chini ya juma moja, bomba likafunguliwa. Wanawake walipata maji, wote, hata waliotembea mbali. Kwa nini alkalo aliondoa ile kufuli, kwa hofu ya redio au kwa kuona haya, hakusema. Aliyeyakosa alikuwa mtu mmoja tu. Sirreh alikaa msimu mmoja bila shamba, kisha akafunga vitu vyake akarudi kwa kaka yake karibu na Soma.

Nyima aliandika barua kwa tume, akaandika kwa mkuu wa wilaya, akaenda mwenyewe mara mbili. Walimsikiliza kwa adabu. Ardhi ya kijiji, walimwambia, ni ya kijiji.

Uchaguzi wa madiwani ulipofika, mapendekezo ya ripoti yalijaribiwa katika vituo vichache, na Wulinkoto kikawamo. Nyima alikuja kama mwangalizi. Darasani mikeka ilikuwa imetandikwa, mapipa yamekaa kwa nusu duara, na karani alimwambia kila mpiga kura ahesabu kimoyomoyo kabla ya kutumbukiza. Askari aliwasogeza watu mbali na kuta. Nfamara alifika asubuhi na kiti chake, akasimama nacho kidogo akiangalia ule ukuta, kisha akakibeba akaenda kukaa dukani.

Kengele zililia siku nzima, zote sawa. Nyima alikaa akizisikiliza na hakuweza kujua lolote, na alijua kwamba hicho ndicho alichokifanyia kazi. Alingoja kufurahi.

Sirreh alikuja adhuhuri kwa gari la abiria kutoka Soma, kwa kuwa kadi yake ya kupigia kura bado ilikuwa ya pale. Alisimama kwenye foleni, na wanawake wa mbele na wa nyuma yake walimsalimu kwa sauti ya chini. Mmoja alimgusa mkono akauondoa upesi. Hakuna aliyemkaribisha kwake. Alipotoka darasani Nyima alimfuata mpaka kwenye uzio wa bustani. Sirreh alikuwa akitazama shamba lililokuwa lake, lililojaa nyanya chungu za mtu mwingine.

"Anazipanda karibu mno," alisema. "Zitanyimana hewa."

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Umeshaomba. Bantaba nilikusikia." Alimgeukia. "Kengele leo zilinipendeza. Nilingoja pale ndani, nikajisemea, haya, dhanini sasa. Kwa hilo, Mungu akulipe."

"Lakini gharama umelipa wewe."

"Ningekuambia tena. Wewe hukunikosea kwa kuipeleka habari. Ulinikosea kwa kunichukulia mdomo bila kuniuliza. Ungekuja ukanisomea, ningekuambia, mwanangu, hilo lifute, hilo watanijua. Mimi ndiye ninayejua walivyo hapa."

Nyima alimwambia kwamba tangu wakati ule huwa anamsomea kila mtu maneno yake kabla ya kuyaandika, na kwamba baadhi huyafuta nusu nzima. Sirreh akaitika kwa kichwa.

"Basi nisomee na mimi. Utaandika nini juu ya leo?"

Nyima akamsomea aliyokuwa ameandika, akimfasiria kipande kwa kipande. Sirreh alisahihisha jambo moja kuhusu foleni, kisha akasema, "Weka na kisa changu. Kwamba aliyesema alinyang'anywa shamba. Na jina langu, Sirreh Kinteh, uliandike lote."

"Kanuni yetu, mama, ni kutotaja majina."

"Jina lenyewe wameshalitaja wote. Limebaki kwako tu."

Nyima aliliandika. Kule Serekunda, Daktari Njie alilipata kwenye ukurasa wa nne, akalizungushia kalamu. Hakuwa mtu mbaya; alieleza kwa upole, akamkumbusha yaliyotokea mara ya kwanza. Kanuni haifuati anavyojisikia mtu mmoja siku moja, alisema. Wakitaja jina hili, kesho atakuja mwenye kulazimishwa kusema kwamba ametaka kutajwa. Nusu ya moyo wa Nyima ilikubaliana naye. Jina likatolewa. Kisa kikabaki: "mwanamke, mkulima".

Alimpigia Sirreh simu mwenyewe, asije akaisikia habari hiyo redioni. Nyuma ya sauti ya Sirreh kulikuwa na kuku na mtu anayetwanga.

"Kwa hiyo siku nilipotaka kufichwa mlinionyesha," Sirreh alisema taratibu. "Na sasa nataka kuonekana, mnanificha."

"Nitazungumza naye tena, mama."

"Zungumza. Mimi nina mtama wa watu wa kutwanga hapa." Akakata.

Nyima alikaa na simu mkononi, akiisoma upya hoja ya daktari kichwani mwake, akitafuta mahali ilipolegea, na hakupaona. Kesho yake asubuhi aliingia tena ofisini kwa Daktari Njie na ripoti kwapani, akavuta kiti akakaa kabla hajaambiwa, akaifungua kwenye ukurasa wa nne.